Uzamivu wa uuguzi uanzie wodini

Ripoti mbili za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto nchini Tanzania, ya 2015-16 na ya 2022, zina habari njema na habari ya kusikitisha. Habari njema ni ya akina mama. Ripoti ya kwanza ilikadiria vifo 556 vinavyotokana na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ya pili ikakadiria 104. Ni hatua kubwa, na waliohangaika kuifikia wanastahili pongezi. Habari ya kusikitisha ni ya watoto wachanga. Waliofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika ripoti ya kwanza, na 24 katika ya pili. Mama anaokolewa, lakini mtoto wake mchanga anaendelea kufa karibu kwa kiwango kilekile. Duniani kote, takriban robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika wiki ya kwanza, hasa siku ile ya kuzaliwa, wakati ambapo mtoto yuko mikononi mwa mkunga na muuguzi. Wao ndio wanaomkausha, wanaomsaidia avute pumzi ya kwanza, wanaompima joto, wanaomwelekeza mama namna ya kumnyonyesha, na ndio wanaotangulia kuona kuwa rangi ya ngozi yake imebadilika.

Kama kazi inayoamua uhai wa mtoto huyo inafanywa na mkunga na muuguzi, basi wao ndio wenye nafasi nzuri kuliko wote ya kuchunguza inakwama wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo nchi zetu zinahitaji wauguzi na wakunga walioandaliwa kiutafiti hadi ngazi ya juu kabisa, yaani shahada ya uzamivu. Lakini siyo uzamivu wa namna yoyote ile. Hoja yangu ni kwamba uzamivu wa uuguzi uanzie wodini, kwa swali lililozaliwa kazini, na ukishakamilika urudi wodini ukiwa na jibu. Kwa sasa safari hii mara nyingi huanzia mwisho. Muuguzi huamua kwanza kwamba anataka kuitwa Dk., kisha anatafuta chuo, kisha mfadhili, na swali la utafiti analikumbuka fomu ya maombi ikiwa imeshajazwa nusu. Chuo kinakagua vyeti na alama. Mwajiri anamwona kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kila mmoja ana sababu zake, ila matokeo yake ni tasnifu zinazohifadhiwa maktaba bila kubadilisha jambo lolote katika namna mgonjwa anavyohudumiwa.

Tuangalie jambo moja kwa karibu ili hoja hii ieleweke. Katika wodi ya wazazi kuna chati iitwayo partografu. Mkunga huandika humo jinsi njia ya uzazi inavyofunguka kwa sentimita, mapigo ya moyo wa mtoto, idadi ya mikazo katika dakika kumi, na hali ya mama mwenyewe. Mistari yake miwili maarufu, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, iliwekwa na madaktari R. H. Philpott na W. M. Castle katika kazi waliyoichapisha mwaka 1972, wakiwa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Walitaka kumsaidia mkunga aliye kliniki ya mbali ajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaieneza chati hiyo duniani kote. Hata hivyo, mtu yeyote aliyefanya kazi katika wodi za wazazi zenye msongamano anajua kwamba mara nyingi partografu hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa kukumbuka, ili faili lionekane limekamilika. Chombo kilichokusudiwa kumwonya mkunga kinageuka kuwa karatasi ya kumkinga siku ya ukaguzi.

Desemba 2020 WHO ilitoa mwongozo mpya wa kumhudumia mama mwenye uchungu, wenye chati mpya. Hatua ya uchungu mkali sasa inahesabiwa kuanzia sentimita 5 badala ya 4, na mkunga anatakiwa pia kuandika kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama anakunywa maji, na kama amepewa nafuu ya maumivu. Ni mwongozo mzuri. Lakini mkunga aliye peke yake usiku na wanawake wanne wenye uchungu atamwangalia nani kwanza? Ni kipimo kipi kinachoachwa mapema zaidi kazi inapozidi? Akiona dalili ya hatari anampigia nani, na anayepigiwa anachukua muda gani kufika? Maswali haya hayawezi kujibiwa Geneva. Hayawezi kujibiwa vizuri hata na daktari bingwa anayepita wodini asubuhi na kuondoka. Anayeweza kuyajibu ni mkunga aliyeyaishi, akafunzwa kupima, kulinganisha na kuandika kwa namna ambayo wizara na dunia haziwezi kuipuuza. Hiyo ndiyo kazi ya uzamivu katika taaluma hii.

Ushahidi kwamba maswali ya aina hii huokoa maisha tunao, tena hapahapa nyumbani. Katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, wahudumu wa wodi ya wazazi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Baada ya mafunzo walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kwa watoto halisi mambo hayakubadilika. Watu wengi wangeishia hapo na kupendekeza semina nyingine. Watafiti wa Haydom wakauliza kwa nini ujuzi unaoonekana mezani hauonekani kitandani, kisha wakajaribu mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila vizazi hai 1,000. Hawakununua mashine ya gharama kubwa. Walibadilisha mpangilio wa mafunzo, kwa sababu kuna mtu alithubutu kuuliza swali linalofuata.

Mfano wa pili ni wa watoto njiti. Kwa miaka mingi mtoto mwenye uzito mdogo alitengwa kwanza mpaka hali yake itulie, ndipo mama akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti ulioratibiwa na WHO katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania uliuliza itakuwaje mama akianza mara tu baada ya kujifungua. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalihusu watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mapema, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28. Kwa waliosubiri, ilikuwa asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, ili watoto wote wafaidike. Jambo lililobadilishwa ni la kiuuguzi kabisa: kitanda cha mama kuingizwa ndani ya chumba cha watoto mahututi, na wauguzi kuwahudumia wawili hao pamoja badala ya kuwatenganisha.

Kuna pia ushahidi unaowahusu wauguzi wenyewe. Linda Aiken, muuguzi mwenye shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, yeye na wenzake walichambua taarifa za wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168. Mwaka 2002 walionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi huongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2003 wakaonyesha kuwa hospitali zenye wauguzi wengi zaidi wenye shahada zilikuwa na vifo vichache zaidi. Mwaka 2014 wakapata picha inayofanana katika nchi tisa za Ulaya. Kabla ya kazi hizo, muuguzi aliyelalamika kwamba wamezidiwa aliambiwa ajitahidi. Baada yake, malalamiko yale yaligeuka kuwa hoja inayoweza kuwekwa mezani kwa mkurugenzi wa hospitali na kwa wabunge. Sisi bado tunatumia takwimu za Pennsylvania kueleza mzigo wa muuguzi wa Tabora au Kakamega, ilhali wodi zetu, wagonjwa wetu na ndugu wanaowauguza wagonjwa wao vitandani havifanani na vya kule.

Kwa muuguzi anayetaka kuomba nafasi ya uzamivu, basi, maandalizi ya kwanza ni swali lenyewe. Mada moja imezoeleka mno katika vyuo vyetu: tathmini ya uelewa, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu jambo fulani katika hospitali fulani. Mwombaji anatengeneza dodoso, analigawa, anahesabu waliopata na waliokosa, kisha anapendekeza mafunzo zaidi. Haydom imeshatuonyesha kwamba mafunzo peke yake si jibu, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kugundua hilo kwa sababu haukuuliza kinachotokea mtu akishajua. Linganisha na swali hili: katika wodi za wazazi za hospitali za wilaya ambako mkunga mmoja wa usiku ana wanawake watatu au zaidi wenye uchungu, ni muda gani unapita kati ya kipimo cha kwanza cha hatari na hatua ya kwanza inayochukuliwa, na ni nini kinachouongeza? Swali hili lina mahali, lina watu, lina kitu cha kupima kwa saa na dakika, na jibu lake linaweza kumfanya mganga mkuu wa wilaya apange upya zamu zake. Anayeliandika ameshavuka nusu ya safari ya maombi.

Swali kama hilo haliji kwa kukaa mbele ya kompyuta wiki moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Limo katika madaftari ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, katika vikao vya kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga, katika makabidhiano ya zamu ambapo jambo lilelile hurudiwa kila asubuhi na hakuna anayeliandika. Muuguzi anayefikiria uzamivu aanze kuweka kumbukumbu za mambo hayo mwaka mmoja au miwili kabla, bila kutaja majina ya wagonjwa, kisha asome kilichokwisha kuchapishwa. Kisingizio cha kukosa machapisho hakina nguvu kama zamani. Tangu 2002 WHO na wachapishaji wamekuwa na mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya afya bure au kwa gharama ndogo. Vyuo vyetu vingi na hospitali kadhaa zimejiunga, na inatosha kumwendea mkutubi na kumwomba utaratibu wa kuingia.

Hatua inayofuata ni msimamizi, na hapa waombaji wengi huteleza. Uingereza, Afrika Kusini na katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, uzamivu kwa kiasi kikubwa ni kazi ya utafiti chini ya msimamizi, kwa hiyo mazungumzo naye hutangulia fomu. Marekani, mwanafunzi kwa kawaida husoma kozi kwa takriban miaka miwili, hufanya mtihani mkubwa, ndipo anaanza tasnifu, na kamati ya udahili huangalia zaidi kama anaweza kuumudu mpango mzima. Anayeomba kote kwa barua moja anapoteza muda wake na wa wanaoisoma. Kwa msimamizi, barua fupi inatosha: aya moja ya swali, aya moja inayoonyesha kwamba mwombaji amesoma machapisho yake ya karibuni na anaona uhusiano, aya moja ya uzoefu wake wa kazi, pamoja na andiko dhana la ukurasa mmoja au miwili. Mwombaji naye ana haki ya kuchunguza. Awaulize wanafunzi wa sasa wa msimamizi huyo anarudisha kazi baada ya muda gani, na wangapi wamehitimu mikononi mwake. Wasimamizi wenye uzamivu wa uuguzi bado ni wachache kwetu, kwa hiyo ni busara kuwa na msimamizi wa pili kutoka takwimu za afya, sosholojia au uchumi, ili mradi mmoja wao anaifahamu wodi.

Kuna maandalizi mengine ambayo hayaonekani kwenye fomu lakini ndiyo yanayoamua kama mtu atamaliza. La kwanza ni takwimu na uchambuzi wa mahojiano. Mtafiti anayemlipa mtu mwingine amchambulie data hawezi kuitetea tasnifu yake, wala hawezi kufanya utafiti wa pili. La pili ni kuandika. Nchini Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 inamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mawili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Anayegeuza tasnifu yake ya uzamili kuwa makala kabla ya kuomba anaingia akiwa ameshajifunza kupokea ukosoaji wa wahakiki, na anajihadhari na majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote baada ya kulipwa. La tatu ni vibali. Utafiti wa afya Tanzania unahitaji idhini ya kimaadili ya chuo au ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kenya unahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Shughuli hizi huchukua miezi, na asiyeziweka kwenye ratiba yake hujikuta mwaka wa pili umekwisha hajakusanya taarifa hata moja.

Sasa nije kwa wale wenye mamlaka, kwa sababu si haki kumtwisha mwombaji mzigo wote. Kwetu, njia ya kitaaluma ya muuguzi mwenye uzamivu karibu yote inaelekea darasani. Kenya iliwahi kuweka sharti kwamba wahadhiri wa vyuo vikuu wawe na uzamivu, na sharti hilo limewasukuma wauguzi wengi kuitafuta shahada ili walinde ajira zao za kufundisha. Kufundisha ni kazi ya heshima na walimu tunawahitaji. Tatizo ni kwamba hospitali zetu hazijaonyesha kuwa nazo zinamhitaji mtu huyu. Daktari bingwa katika hospitali ya kufundishia huwahudumia wagonjwa, hufundisha na hufanya utafiti, na hakuna anayeshangaa. Muuguzi akipata elimu ya kiwango hicho, mara nyingi huachana na wagonjwa, kwa sababu muundo wa utumishi haumwekei nafasi kati yao. Hospitali za taifa na za rufaa zianzishe nafasi za pamoja na vyuo: muuguzi mtafiti mwenye siku zake za wodi, siku zake za utafiti na wanafunzi wake, na mshahara unaolingana na elimu yake. Bila nafasi hiyo tutaendelea kuwasomesha watu waondoke wodini.

Wapo watakaopinga kwa kusema wodi hazina wauguzi wa kutosha, iweje tuwatoe wachache waliopo wakasomee uzamivu? Pingamizi hili lina uzito. Ripoti ya WHO ya 2025 kuhusu hali ya uuguzi inakadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8, na Afrika ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Lakini wauguzi wa uzamivu watakuwa wachache sana wakilinganishwa na maelfu wanaohitajika vitandani, na kuwazuia wasisome hakutaziba pengo hilo. Isitoshe, uhaba ndio unaofanya utafiti uwe wa lazima. Mwenye wauguzi wengi anaweza kukosea kuwapanga na asione madhara haraka. Mwenye wachache anahitaji kujua kwa uhakika ni zamu ipi iongezewe mtu na ni kazi ipi ya karatasi iondolewe. Tena uzamivu ulioanzia wodini haumlazimu mtu kuihama. Unaweza kufanywa kwa muda wa ziada, wodi ikiwa ndiyo eneo la utafiti, mwajiri akitoa siku maalumu kila wiki badala ya ruhusa ya miaka mitatu mfululizo.

Wengine watasema tukiwasomesha wataondoka. Ni kweli wauguzi wetu wanatafutwa. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi huko, na nchi za Ghuba nazo zinaajiri. Lakini wanaoondoka wengi ni wa vitandani, ambao hawajawahi kufikiria uzamivu, kwa hiyo kuufungia mlango hakuzuii uhamaji huo. Uzamivu wa swali la hapa una nguvu ya kumbakiza mtu, maana data yake, wagonjwa wake na wenzake wako hapa. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuratibiwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, unawafadhili watumishi wa taasisi wanachama za Afrika wasome uzamivu wakiendelea kuwa watumishi wa taasisi hizo. Huo ndio mfano wa kuiga. Mkataba wa kurudi kazini ni sawa, lakini mkataba bila nafasi ya kurudia ni adhabu tu, na mtu mwenye uzamivu hakai muda mrefu mahali anapoadhibiwa.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: muuguzi kazi yake ni kuhudumia, utafiti awaachie wengine. Anayesema hivyo asome historia. Florence Nightingale alikusanya takwimu za vifo vya askari wa vita vya Crimea, akachora michoro iliyowafanya watawala wa Uingereza waone kwamba maradhi yanaua kuliko risasi, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu wa nchi hiyo. Katika bara letu, Sheila Tlou wa Botswana, muuguzi mwenye uzamivu, alikuwa waziri wa afya wa nchi yake kuanzia 2004 hadi 2008, wakati Ukimwi ukiitikisa. Address Malata wa Malawi, mkunga mwenye uzamivu, alipanda hadi kuwa makamu mkuu wa chuo kikuu cha umma. Hawa hawakuacha uuguzi. Waliupeleka kwenye meza ambako maamuzi yanafanyika.

Wapo pia wanaouliza kwa nini muuguzi asisome tu uzamivu wa afya ya jamii, ambao vyuo vyake ni vingi zaidi, au ule uzamivu wa kitabibu wa wauguzi ulioanza katika Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2001 na kuenea haraka Marekani. Kama swali la mtu ni la chanjo za kijiji kizima au la bima ya afya, afya ya jamii ndiyo mahali pake. Lakini vidonda vya mgandamizo, maumivu baada ya upasuaji, unyonyeshaji wa mtoto njiti, ndugu anayemlisha mgonjwa wa kiharusi: haya ni mambo ya uuguzi, na tukiyaacha hakuna taaluma nyingine itakayoyachukua kwa uzito huo. Ama uzamivu wa Marekani, wenzetu waliuanzisha wakiwa na maelfu ya wauguzi wabobezi wanaojitegemea kwenye kliniki. Wao walianza kutoa shahada za udaktari kwa wauguzi tangu miaka ya 1920. Sisi shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980, na Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuiga cheo kabla ya kuwa na nafasi ya kazi kutatuongezea vyeti, na mgonjwa hatapata kitu.

Limebaki suala la fedha na muda, na hapa ukweli usemwe bila kuficha. Uzamivu huchukua angalau miaka mitatu na mara nyingi zaidi. Kwa mujibu wa WHO, takriban asilimia 85 ya wauguzi duniani ni wanawake, na wengi hufikia hatua ya kuomba wakiwa na watoto wadogo na wazazi wanaowategemea. Ufadhili unaolipa ada tu, bila posho ya kujikimu na bila fedha za kukusanya taarifa, unawachagua wenye uwezo na kuwaacha wenye maswali mazuri. Serikali zinapopanga fedha za utafiti wa afya zitenge fungu la uuguzi na ukunga, dogo lakini la uhakika, na lishindaniwe kwa ubora wa swali.

Kwa muuguzi anayesoma haya akiwa na ndoto hiyo: usianze na chuo wala na cheo. Anza na lile jambo linalokuudhi kila zamu, lipime, lisomee, kisha mtafute mtu wa kukusimamia. Kwa vyuo vikuu: mwulizeni mwombaji wa uuguzi atabadilisha nini kitandani, na akishindwa kujibu mpeni mwaka mwingine wa kufikiri. Kwa Wizara za Afya na wakurugenzi wa hospitali: tengenezeni nafasi ya muuguzi mtafiti kabla ya bajeti ijayo, hata kama ni moja kwa kila hospitali ya rufaa. Watoto 24 katika kila 1,000 ni wengi mno, na wanaokesha nao wodini wapewe uwezo wa kutueleza kwa nini wanakufa.